Hali ya Mwombaji

Nilifuta majina mia moja hamsini na moja kwa siku themanini na sita, na kila jioni nilirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyefanya kazi. Nasema hivi mapema ili nisije nikaonekana najificha. Jina la Ema nililifuta kwa mkono wangu mwenyewe, kwa rula na kalamu nyekundu, na mstari ulinyooka.

Wakati huo nilikuwa afisa msaidizi wa ustawi wa jamii mjini Njombe. Watu waliniita Bwana Ustawi, kama walivyomwita mwenzangu Bwana Shamba, na nadhani wengi hawakujua kwamba naitwa Sila. Kazi yangu kubwa ilikuwa kitabu kimoja cha jalada jeusi. Humo waliandikwa walemavu wa wilaya nzima waliokuwa wakisubiri vifaa: magongo, vyuma vya miguu, na hasa baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuzungusha kwa mikono. Kitabu kilifunguliwa mwaka 1986. Kufikia 1994 kilikuwa na majina mia mbili na kumi na mawili yanayosubiri, na waliowahi kupata chochote ungewahesabu kwa vidole ukabakiwa na vidole. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, hospitalini watu walianza kuambiwa wachangie, na mimi kila aliyefika dirishani kwangu nilimpa neno lile lile: subiri.

Mwezi wa kumi mwaka huo madiwani wetu walichoka. Diwani mmoja, Bwana Anania, mtu mnene mwenye sauti ndogo, mwalimu mkuu mstaafu, alisimama barazani akauliza ni aibu gani hii, mtu anaandikwa kitabuni akiwa mtoto na anaitwa akiwa na ndevu. Wakapitisha sheria ndogo. Stensili yake ya kuchapia nakala niliikata mimi, kwa hiyo naijua. Ilisema kila aliyemo kitabuni atembelewe nyumbani ndani ya siku tisini. Atakayeonekana bado ana shida abaki, na apate kifaa ndani ya mwaka mmoja. Ambaye hali yake imebadilika afutwe, na asiombe tena mpaka ipite miezi kumi na minane. Hata leo naitetea sheria ile. Ilitungwa na watu walioona haya, na si kila sheria hutungwa hivyo. Bwana Anania akafanywa mwenyekiti wa kamati ya kuisimamia, na mimi nikawa miguu yake.

Nilipewa pikipiki na rundo la fomu. Fomu Namba 3 ilikuwa na nafasi ya jina, kijiji na aina ya kifaa, kisha mstari mmoja mfupi kuliko kalamu, umeandikwa: Hali ya mwombaji kwa sasa. Pikipiki nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Ukiizima kwenye baridi haiwaki tena mpaka isukumwe, na kwetu baridi haina likizo. Basi nikawa siizimi. Nafika uani, naweka mguu mmoja chini, napiga hodi juu ya ngurumo, nauliza, naandika, naondoka. Siku nzuri nilimaliza nyumba kumi na nne. Mvua zilikuwa zimechanganya, tope la Mdandu liliwahi kunivua kiatu kikabaki kikanilazimu kurudi kukichimbua, na bado siku ile nilimaliza nyumba kumi na moja. Msinione mvivu. Laiti ningekuwa mvivu.

Kitandililo nilifika katikati ya Januari. Ema alikuwa namba 29 kitabuni, aliandikwa mwaka 1988, kifaa alichoomba baiskeli. Alikuwa binti wa miaka kumi na saba, miguu ilipooza alipokuwa na miaka mitatu, na alikaa na mama yake, Zipora, mjane mkulima. Zipora alitoka nje akiegemea mpini wa jembe usio na jembe.

"Kamwene, mama," nilisema.

"Kamwene, baba. Karibu ndani."

"Nina haraka kidogo. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo."

"Na Ema?"

"Hajambo, tunamshukuru Mungu. Anaendelea vizuri. Karibu basi ukae, togwa ipo."

"Siku nyingine, mama."

Nikaandika: Hajambo, anaendelea vizuri. Mstari ukajaa. Ema mwenyewe sikumwona na sikumwulizia aliko, kwa sababu jibu nilikuwa nimeshalipata na nyumba nyingine tisa zilikuwa zinaningoja. Mpini ule wa jembe niliuona vizuri kabisa. Ningeulizwa mama alikuwa ameshika nini, ningejibu bila kufikiri.

Mwezi wa tatu kamati ilipitia fomu zangu. Hajambo, nzuri, anaendelea, tunashukuru, ukurasa baada ya ukurasa. Kutoka mia mbili na kumi na mawili wakabaki sitini na mmoja. Mkoani walituandikia barua ya pongezi na Bwana Anania akaisoma barazani kwa ile sauti yake ndogo, mara mbili. Mimi nilidokezwa kwamba nafasi ya afisa kamili inaweza kupatikana, na hii ni wakati wenzangu wawili walikuwa wamepewa barua za kupunguzwa. Nikanunua koti. Juu ya hayo kukaja habari kwamba marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo wameleta baiskeli arobaini za magurudumu matatu, zitashuka kwa treni Makambako mwishoni mwa mwezi wa tano, na zitagawiwa kwa kufuata kitabu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu kitabu kilielekea kukutana na vitu.

Aprili akaja Bi Mwanaheri.

Alikuwa fundi cherehani wa Makambako, karibu na maegesho ya malori, mtu wa Pangani aliyemfuata mume dereva akabaki huko hata mume alipokwisha kuhama. Aliingia ofisini kwangu bila hodi, mkoba kwapani, viatu vimejaa tope.

"Wewe ndiye Bwana Ustawi?"

"Ndiye. Karibu. Habari za..."

"Habari mbaya. Umemfuta Ema."

Niseme kweli, kilichoniudhi kwanza ni lile neno mbaya. Sikumbuki kama kuna mtu mzima aliyewahi kunijibu hivyo. Nikamwambia akae. Akasema hakuja kukaa.

Alieleza akiwa amesimama. Ema alikuwa anajifunza ushonaji kwake. Ana mkono mzuri, alisema, mkono wa kutulia, na mkato wake wa kola hauhitaji kurudiwa. Lakini miguu haikanyagi pedali, na dukani mle cherehani ya mkono ni moja tu. Mama yake alikuwa anamkalisha kwenye keria ya baiskeli ya kuazima na kuikokota mpaka mjini, mwendo wa saa moja na zaidi kwa mtu asiye na mzigo, mara mbili kwa wiki. Januari walianguka topeni wote wawili. Tangu hapo anakuja mara moja kwa wiki, pengine haji.

"Mwanafunzi wa siku moja si mwanafunzi," alisema Bi Mwanaheri. "Cherehani ile wapo wanaoitaka. Nimemwambia nitamshikia mpaka mwisho wa mwezi wa sita, kwa sababu wametuambia baiskeli zinakuja. Baada ya hapo nitaitoa, na mimi nina watoto. Sasa naona karatasi ubaoni jina halipo."

Nikatoa fomu ya Ema kwenye faili. Nilikuwa na hakika na fomu zangu. Nikaiweka mbele yake.

"Soma. Ni maneno ya mama yake mwenyewe."

Akasoma. "Hajambo," alisema. "Hajambo! Ulikaa?"

"Nini?"

"Ulipofika kwao. Ulikaa kitako, ukanywa kitu, ukauliza tena?"

"Nilikuwa na haraka. Sheria imetoa siku tisini."

"Mimi si wa huku, na miaka minane imenitosha kulijua hilo. Wewe kwenu wapi?"

"Kifanya, hapa hapa Njombe," nilisema.

Hakucheka. Afadhali angecheka. Aliniangalia kama anayeangalia kitambaa kilichokatwa vibaya, akafunga mkoba wake akaenda kutafuta gari la kurudi.

Nilibaki na ile fomu mezani. Kwetu mgeni hapewi habari akiwa amesimama. Ukiuliza habari za nyumba utaambiwa nzuri, hata kama ndani kuna mgonjwa hoi, kwa sababu kumtupia mtu balaa lako mlangoni kabla hajavuta pumzi ni utovu wa adabu. Unakaribishwa, unakaa, unapewa togwa, au chai na viazi. Ukishamaliza, mwenyeji anakohoa kidogo, nawe unauliza mara ya pili. Hapo ndipo zinapotoka habari zenyewe. Baba yangu alipofariki, kaka yangu alikuja Njombe kunichukua. Nilimuuliza habari za Kifanya, akasema nzuri. Mzee? Hajambo. Akanywa chai vikombe viwili, akala mkate, akafuta mdomo. Nikamuuliza tena, akasema, "Mzee hatunaye tangu jana." Sikumlaumu. Ningemlaumu kama angenipigia kelele kutoka mlangoni.

Nilijua haya yote. Nimelelewa nayo, nimewafundisha wanangu. Na bado nilikuwa nimezunguka wilaya nzima nikiokota yale majibu ya mlangoni na kuyaandika kwenye karatasi za serikali kama ukweli uliopimwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumamosi nikaenda Kitandililo. Nilizima pikipiki nje ya ua, nikaingia, nikakaa. Zipora alisema hawajambo, Ema hajambo. Nikanywa togwa, nikala viazi, nikasubiri. Nyumba ilikuwa safi na kimya. Ema aliingia kutoka uani akitambaa, vipande vya tairi vimefungwa magotini na vingine mikononi, tope mpaka kiunoni, akanisalimia kwa heshima zote, akakaa pembeni akianza kufungua kamba za matairi yake. Nilipomaliza nikarudisha kikombe na kuuliza: "Enhe, mama. Habari za hapa?"

Zipora alikohoa. Kisha akasema. Wakati wa mvua Ema hatoki nje ya ua, kwa sababu tope linaingia kwenye vidonda vya magoti. Ile baiskeli ya kuazima, mwenye nayo ameichukua. Walipoanguka Januari yeye mama alijigonga nyonga, inapona, si neno. Neno ni cherehani. Ema ameota ndoto moja tu tangu amalize darasa la saba, na ndoto hiyo ina mwisho wake tarehe thelathini mwezi wa sita.

"Mbona siku ile hukuniambia, mama?" niliuliza.

"Ulikuwa hujakaa, baba," alisema, tena kwa upole, kama ananiombea radhi.

Wiki hiyo na iliyofuata nilirudi kwenye nyumba ishirini nilizokuwa nimezifuta. Nilikaa katika zote. Sijawahi kunywa togwa kiasi kile. Katika nyumba kumi na tano shida ilikuwa pale pale. Katika nyumba moja ya Mdandu, ya mzee Justine aliyeomba magongo, nilipouliza mara ya pili niliambiwa walimzika siku tatu baada ya Krismasi. Nilitazama fomu yangu. Tarehe sita Januari nilikuwa nimeandika: Hali, nzuri. Mjane wake aliona nimeduwaa akaniongezea viazi.

Nikaenda kwa Bwana Anania na karatasi zangu. Alinisikiliza kwa uvumilivu wa mwalimu. Nilipomaliza alivua miwani.

"Unataka niwaandikie mkoa kwamba barua yao ya pongezi tunairudisha?"

"Nataka majina yarudi kabla baiskeli hazijashuka."

"Sheria hairuhusu afisa kujikanusha mwenyewe, Bwana Sila. Kesho mwingine atakuja kukanusha kwa kupewa kuku. Uamuzi wa kamati unabadilishwa na mwombaji au mzazi wake, kwa kinywa chake, mbele ya kamati. Kifungu cha tisa. Umekikata stensili wewe mwenyewe."

Ni kweli nilikikata. Alikuwa haoni kosa lolote, na kwa upande wake hakukuwa na kosa. Nikasema nitamleta mmoja.

Kamati ilikaa tarehe kumi na saba mwezi wa tano. Nilimfuata Zipora na kumpandisha mbele ya lori la mbao lililokuwa linapita Makambako, nikakaa kati yake na dereva. Nje kulikuwa na ukungu na yeye alikuwa amejifunga kitenge kipya, mpini wa jembe ameusimamisha katikati ya magoti. Njia nzima nilimfundisha.

"Watakuuliza habari, mama. Usiseme nzuri."

"Sawa, baba."

"Useme mbaya. Wakikuuliza Ema, useme hali yake ni mbaya, anatambaa, hana kifaa. Papo hapo. Kamati haina muda."

"Sawa."

"Hebu. Habari za nyumbani, mama?"

"Nzuri," alisema, akajishika mdomo. Dereva akacheka. Tukaanza upya. Tulipofika Njombe alikuwa ameweza kulisema mara mbili, kwa sauti ya mtu anayeiba.

Uani mwa ofisi nilikutana na Bwana Anania anashuka kwenye gari. Nikampa shikamoo, nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema nzuri tu. Na mama mzazi? Hajambo. Tukaingia ndani.

Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu, wajumbe saba wenye makoti, na mlangoni nafasi ya kusimama anayehojiwa. Zipora alisimama pale akiegemea mpini wake. Mwenyekiti alimtazama kwa huruma, maana hakuwa mtu mbaya.

"Habari za Kitandililo, mama?"

Zipora alinitazama. Nilimwitikia kwa kichwa kumtia moyo. Midomo yake ikacheza. Aliwatazama wale wazee saba, wageni kwake, ambao hata jina la mmoja hakulijua.

"Nzuri, baba," alisema.

"Na mtoto wako, Ema?"

"Hajambo. Tunamshukuru Mungu."

Mwenyekiti akageuka kwangu na kukunja mikono. "Bwana Sila, umesikia mwenyewe. Au mama huyu naye ana haraka?"

Mjumbe mmoja akacheka puani. Mimi nilipandwa na hasira, si ya Zipora; ningeweza kuung'oa mlango. Nilimwona Ema na matairi yake mikononi, nikaona ile cherehani ya mkono ikikabidhiwa mtu mwingine. Nikasimama bila kuomba ruhusa.

"Mwenyekiti, dakika kumi zilizopita nilikusalimia pale nje. Nilikuuliza habari za nyumbani. Ulinijibu nini?"

"Nilikujibu nzuri. Nini maana yake?"

"Nikakuuliza mama mzazi."

Mama yake Bwana Anania alikuwa amelazwa wiki ya pili hospitalini, hatambui watu, na kila aliyekuwa kwenye meza ile alikuwa amekwisha kwenda kumwona. Mjumbe aliyecheka alianza kupanga karatasi zake.

"Ulisema hajambo," nilisema. "Ningekuwa na fomu, ningeandika. Ningekuwa na kalamu nyekundu, ningemfuta."

Nilijua nimevuka mpaka. Nilifikiri juu ya lile koti jipya, na wenzangu wawili waliopunguzwa. Bwana Anania aliinamisha kichwa. Kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mpeni mama kiti. Na chai."

Chai ililetwa kwa birika, na mkate wa siagi. Zipora alikunywa polepole, akala, akakunja kitenge chake magotini. Wajumbe nao walikunywa. Nadhani ilipita karibu nusu saa bila mtu kugusa faili. Alipoweka kikombe chini mwenyekiti alisogeza kiti chake kidogo.

"Enhe, mama," alisema. "Tupe habari."

Zipora alikohoa, na alipoanza hakunyamaza mpaka saa sita mchana. Alieleza magoti, tope, keria ya baiskeli, cherehani, mwezi wa sita. Hakulia na hakuomba. Mjumbe mmoja alitoka nje katikati ya maelezo na kurudi macho mekundu, akasingizia moshi wa jikoni.

Siku hiyo hiyo waliamua nyumba zote nilizozifuta zirudiwe, na kila mwenye shida arudi kwenye namba yake ya zamani. Nilisaidiwa na wachungaji na makatibu kata, tukamaliza kwa siku kumi na mbili. Kati ya mia moja hamsini na mmoja, mia moja na kumi walirudi kitabuni. Bwana Anania alitaka sheria iongezwe kifungu kinachosema afisa atakaa na atauliza mara mbili. Mwanasheria alisema maneno hayo hayakai kwenye sheria, wakabishana, mwisho kikaandikwa kwamba ukaguzi wa nyumba moja hautapungua saa moja. Barua ya mkoa ilijibiwa. Nafasi ya afisa kamili sikuisikia tena, na koti nimelivaa mpaka likachanika viwiko.

Baiskeli zilishuka Makambako tarehe mbili mwezi wa sita, arobaini kamili. Namba 29 aliitwa saa tatu na nusu asubuhi. Ema alibebwa kutoka chini akakalishwa, akashika mikono ya kuzungushia, akaizungusha kinyume kwanza, kisha sawasawa, akaondoka. Hakugeuka nyuma. Zipora alimfuata na mpini wake, akachelewa, akawa anamwona mbali. Nilifurahi, na sikuona sababu ya kuficha. Nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Mwezi wa tisa nilipita Makambako nikienda kwenye ukaguzi mwingine. Ema alikuwa barazani kwa Bi Mwanaheri nyuma ya cherehani ya mkono, baiskeli yake imeegeshwa pembeni, kiti chake kimeshonewa kitambaa cha maua. Nikaweka mguu mmoja chini.

"Ema! Hujambo? Habari za baiskeli?"

"Sijambo. Nzuri."

"Mama?"

"Hajambo."

Nikatia gia. Ema alikuwa anamalizia mshono, hakuinua macho.

"Zima pikipiki kwanza, Bwana Ustawi," alisema.

Nikaizima. Nikakaa kwenye benchi. Bi Mwanaheri alileta chai ya tangawizi na chapati bila kusema neno, na kwa kumjua kwangu, kunyamaza kwake kulikuwa kunisema. Nilipomaliza nikauliza tena.

"Baiskeli inakwenda," alisema Ema. "Kushuka nashuka mwenyewe. Kile kilima cha kwetu kupanda haipandi. Mama alikuwa ananisukuma kila jioni."

"Alikuwa?"

"Tangu wiki iliyopita haamki vizuri. Nyonga. Anatembea kwa kushika ukuta, na uani hafiki. Mimi nalala hapa kwa Bi Mwanaheri, yeye anaangaliwa na jirani."

"Mbona hajaniambia? Nimekaa kwenu, nimekunywa togwa yake."

Ema alikata uzi kwa meno.

"Ulikuwa unamuuliza habari zangu," alisema.

Kitabu cha jalada jeusi nilikuwa nacho kwenye mkoba. Namba ya mwisho ilikuwa 219. Nikaandika 220, Zipora, Kitandililo, magongo jozi moja. Kisha nikatoa Fomu Namba 3, nikajaza jina, kijiji na kifaa, nikafika kwenye ule mstari mfupi, nikauacha wazi. Bi Mwanaheri na mteja wake mmoja wakanisukuma hadi pikipiki ikawaka, nikageuza kuelekea Kitandililo.